Chanjo visiwani kwa wenyeji na wahamiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu visiwa gani na watu gani?

Yanahusu visiwa vya pwani ya Tanzania, yaani Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka kama Tumbatu, Uzi, Kojani na Kisiwa Panza, na kwa kiasi fulani Mafia na Songosongo. Katika vituo vya afya vya visiwa hivi, mwenyeji na mgeni hukaa benchi moja. Wapo wavuvi wa dago, yaani kambi za muda za uvuvi, wanaohama na nyavu zao kufuata msimu, na Wakojani wanajulikana kwa hilo mwambao mzima, kuanzia Tanga na Mafia hadi pwani ya Kenya. Wapo wachumaji wa karafuu wanaovuka kwenda Pemba zao linapokomaa. Wapo wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, wengi wao kutoka Tanzania Bara na baadhi kutoka Kenya, na wapo mafundi ujenzi, walinzi, na wanunuzi wa dagaa wakiwemo wafanyabiashara kutoka Kongo. Hapa tunawahesabu wote hawa pamoja na watoto wao kuwa wahamiaji, hata yule aliyetoka Pemba kwenda Unguja, kwa kuwa kinachoathiri chanjo ni kwamba kituo kinachomwona mtoto leo sicho kilichomwona mara iliyopita.

Je, mtoto wa mgeni ana haki ya kuchanjwa katika kituo asichoandikishwa?

Ndiyo. Chanjo za kawaida za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, Bara na Zanzibar, na mtoto hutakiwa kuchanjwa popote alipo siku ambayo dozi yake imefika. Barua ya sheha (kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar), kitambulisho cha mzazi au uthibitisho wa makazi visiwe sharti la sindano. Taarifa za makazi zina kazi yake, nayo ni kumfuatilia mtoto baadaye, kwa hiyo ziulizwe baada ya mtoto kuchanjwa, tena kwa upole, kwa sababu mama aliyepokewa kwa maswali ya uhamiaji mara ya kwanza hatarajiwi kurudi mara ya pili.

Ratiba ya chanjo za mtoto ikoje?

Anapozaliwa hupewa BCG ya kuzuia kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupewa tena matone ya polio, pamoja na Penta, ambayo ndani ya sindano moja inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina B na bakteria wa Hib (wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), na vilevile chanjo ya nimonia ijulikanayo kama PCV. Chanjo ya kuhara ya Rota hutolewa wiki ya 6 na ya 10, na polio ya sindano hutolewa wiki ya 14. Surua na rubella hutolewa katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18. Mtoto anayekamilisha yote hayo amefika kliniki mara 6 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza wa maisha yake, na ni katika kipindi hichohicho ambapo familia ya dago huweza kubadilisha kambi mara kadhaa. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa kati yake na ile ya miezi 9 mzazi hana sababu nyingine ya chanjo ya kumrudisha kliniki.

Kiwango cha uchanjaji hukokotolewaje, na kwa nini kituo kidogo huweza kuonyesha zaidi ya asilimia 100?

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya watoto waliopewa dozi fulani hugawanywa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo la huduma, kisha huzidishwa kwa 100. Idadi ya juu, yaani ya waliochanjwa, hutoka katika rejista, nayo mara nyingi ni sahihi. Ile ya chini, yaani ya wanaokadiriwa, hutokana na sensa iliyokuzwa kwa kiwango cha ongezeko la watu, na matatizo ya visiwani huanzia hapo.

Sensa ya 2012 iliihesabia Zanzibar watu 1,303,569, na ile ya 2022 ikaihesabia watu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 45 katika miaka 10, na halikugawanyika sawasawa. Shehia iliyopata hoteli au soko la dagaa ilikua kwa kasi kuliko jirani yake iliyobaki na minazi na mihogo, ilhali makadirio ya walengwa yanapokuzwa kwa asilimia moja kwa wilaya nzima, shehia hizo mbili huonekana kama ndugu mapacha. Tena, katika sensa yetu mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa tarehe 23 Agosti, wakati wa kusi. Familia ya dago ikaandikwa pale ambapo kusi iliikuta. Kaskazi ilipoingia ikahama, na idadi yake ikabaki imeandikwa nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha kisiwa kimepangiwa watoto 120 kwa mwaka. Watoto 100 wa wenyeji wamepata Penta ya tatu, na kuna watoto wengine 40 waliokuja na wazazi wao dago, ambao 25 kati yao wameipata. Ripoti itasema 125 juu ya 120, yaani asilimia 104, na kituo kitapongezwa. Hali halisi ni kwamba wenyeji 20 kati ya 120 hawajachanjwa, wageni 15 kati ya 40 hawajachanjwa, na watoto 35 wasio na kinga wamefichwa nyuma ya asilimia inayopendeza. Kwa sababu hiyo, kiwango kinachovuka 100 kistahili kusomwa kama onyo.

Je, ni kweli kwamba wahamiaji ndio wanaoshusha kiwango cha chanjo?

Kauli hii husikika mara nyingi, hata kwa wahudumu wenye nia njema, na kwa jinsi inavyotumiwa haina uadilifu. Katika mfano wa hapo juu, wageni walikipandishia kituo asilimia. Walioathirika ni kituo cha kule walikotoka, ambacho kiliwachanja watoto hao Penta ya kwanza kisha hakikuwaona tena.

Kipimo kinachoonyesha jambo hili vizuri ni kiwango cha watoro, yaani watoto walioanza dozi bila kuzimaliza: hesabu ya Penta ya kwanza hutolewa Penta ya tatu, kisha tofauti hugawanywa kwa Penta ya kwanza. Kikizidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo katika huduma. Kisiwa kinachotoa wavuvi huonekana kuwa na watoro wengi ingawa baadhi yao wamekamilisha dozi zao ng'ambo. Kisiwa kinachopokea wavuvi huweza kupata kiwango cha watoro kilicho chini ya sifuri, kwa maana kwamba Penta za tatu zimezidi za kwanza, jambo ambalo haliwezekani katika jamii isiyohama. Msimamizi wa wilaya anayezisoma ripoti hizi mbili bila kuziweka pamoja humkaripia mwuguzi wa kwanza na kumsifu wa pili, na wote wawili hawakustahili.

Hata hivyo, haitakuwa kweli kusema kwamba wahamiaji hawana pengo. Wanalo, na linatokana na ratiba ya maisha zaidi kuliko kukataa chanjo. Mama anayefanya kazi ya kuchemsha na kuanika dagaa hupokea mzigo alfajiri boti zinapoingia dikoni, yaani bandari ya wavuvi, huchemsha asubuhi, na hukaa na chanja zake za kuanikia hadi jua lipungue. Kliniki hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, na kumwambia mama huyo aje Jumanne saa mbili ni kumwambia achague kati ya sindano ya mtoto na chakula cha siku hiyo. Mfanyakazi wa hoteli naye hupangiwa zamu asizoweza kuzibadilisha, na mara nyingi mtoto hubaki na mlezi asiyejua kadi imewekwa wapi.

Kwa nini surua hutajwa kila mara katika suala hili?

Kwa sababu ndiyo inayofichua pengo mapema kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 katika jamii isiyo na kinga, na ili maambukizi yakatike inatakiwa takriban watu 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi mbili. Dozi ya miezi 9 peke yake huwakinga takriban asilimia 85 ya watoto wanaoipata. Kwa hiyo, kisiwa kilichochanja asilimia 90 kwa dozi ya kwanza na kuiacha ya pili kina watoto 76 au 77 tu wenye kinga katika kila 100, idadi ambayo haitoshi. Bahari haisaidii, maana boti ileile inayoleta abiria na mchele hufikisha surua kwa saa chache.

Mtoto amekuja bila kadi. Afanyiwe nini?

Swali hili ndilo linalowasumbua wahudumu zaidi. Kadi hupotea baharini, hulowa, huachwa kwa bibi, au huzuiwa na mume aliyebaki kisiwa kingine.

Kwanza, mama aulizwe kwa utaratibu. Swali la "amechanjwa?" hujibiwa "ndiyo" na karibu kila mzazi. Maswali yenye kusaidia ni yale ya kitu alichokiona kwa macho: mtoto alichomwa paja gani, alipewa matone mdomoni, alipochanjwa mara ya mwisho alikuwa anakaa au anatambaa, na kliniki ilikuwa wapi. Ikiwa kituo cha awali kinajulikana, piga simu huko wakati mama angali amekaa kwenye benchi, kwa sababu rejista ya huko ina jina la mtoto hata kama kadi imezama.

Pili, angalia kovu la BCG, lakini ujue pa kuliangalia. Tanzania huchanja bega la mkono wa kulia. Kenya huchanja mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Mtoto aliyezaliwa Lamu au Mombasa akikaguliwa bega la kulia pekee ataandikwa kuwa hajawahi kuchanjwa, ilhali kovu lipo, limefunikwa na mkono wa shati. Kutokuwepo kwa kovu nako si ushahidi kamili, kwa sababu baadhi ya watoto huchanjwa na kovu lisijitokeze.

Tatu, ikiwa baada ya hayo hakuna uthibitisho, mtoto ahesabiwe kuwa hajachanjwa na apewe dozi zinazolingana na umri wake. Dozi ya ziada ya polio au ya surua na rubella haimdhuru mtoto aliyekwisha kuipata, bali hatari iko kwa yule anayerudishwa nyumbani "mpaka kadi ipatikane". Mpe kadi mpya siku hiyohiyo, na umwombe mzazi aipige picha kwa simu yake kabla hajatoka mlangoni. Mfuko wa nailoni wa kuhifadhia kadi hugharimu kidogo sana, na kwa mtu anayesafiri kwa mashua ni sehemu ya huduma.

Dozi imechelewa miezi kadhaa. Je, ratiba ianze upya?

Hapana. Ratiba huendelezwa pale ilipokatika, na kati ya dozi moja na nyingine ya chanjo hiyohiyo ziachwe angalau wiki 4. Mtoto mwenye miezi 11 aliyepata Penta moja tu hupewa ya pili leo, na siku hiyohiyo hupewa matone ya polio, PCV na surua. Wazazi huogopa sindano nyingi kwa mara moja, na ni vyema waelezwe kwamba mwili wa mtoto unazimudu, ila homa ndogo na uvimbe wa paja huweza kutokea kwa siku moja au mbili.

Kwa nini wakati mwingine mwuguzi husema turudi wiki ijayo kwa chanjo ya surua?

Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga katika kichupa, kwa kawaida cha dozi 10, na BCG katika kichupa cha dozi 20. Unga huo ukishachanganywa na maji yake hutumika kwa muda usiozidi saa 6, kisha kinachobaki humwagwa. Mwuguzi wa kisiwa kidogo aliyepokea vichupa vichache, na anayejua kwamba upotevu wa chanjo huandikwa katika ripoti yake, husita kufungua kichupa kwa mtoto mmoja. Husubiri watoto watimie. Kwa mwenyeji, kusubiri huko ni usumbufu wa wiki moja, lakini kwa mtoto wa dago huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho kituo hicho kumwona.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Tunaona kwamba lawama zisimwangukie mwuguzi. Wilaya ndiyo inayopaswa kukipangia kituo cha kisiwa akiba inayoruhusu upotevu mkubwa zaidi, na kuacha kuulinganisha upotevu wa Kojani au Songosongo na ule wa hospitali ya mjini inayochanja watoto wengi kwa siku moja. Penta ya maji na matone ya polio hazina ugumu huu, kwa kuwa kichupa kilichofunguliwa huweza kuhifadhiwa hadi siku 28 masharti ya ubaridi na usafi yakizingatiwa.

Chanjo hufikaje visiwa vidogo bila kuharibika?

Husafirishwa katika kibebeo chenye barafu na kutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Kila mtu huogopa joto, na kwa joto kichupa chenyewe kina kipimo: mraba mdogo ndani ya duara, ambao ukifikia rangi ya duara chanjo isitumike. Baridi kali nayo huharibu, na haina kipimo cha namna hiyo. Penta, PCV na chanjo ya pepopunda zikiganda hupoteza nguvu hata kama zitayeyuka na kuonekana salama. Kwa hiyo barafu iliyotoka kwenye friza iachwe kwanza ianze kuyeyuka kabla ya kupangwa ndani ya kibebeo, hata kama nahodha anaharakisha kwa kuogopa maji kupwa.

Huduma ya mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watu na chanjo, ipelekwe dago siku gani?

Ifuate mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa na huvua usiku wa giza, na mbalamwezi inapokomaa boti hupumzika, nyavu hushonwa na wanawake hupata nafasi. Siku hizo ndizo ambazo baba, mama na mtoto hupatikana kambini pamoja. Kalenda ya mkoba inayosema "Jumatano ya pili ya kila mwezi" itaangukia giza mara nyingi, na timu itarudi na vichupa vilivyojaa ikiripoti kwamba jamii haina mwitikio. Ni afadhali tarehe zipangwe na kamati ya wavuvi ya diko pamoja na sheha, na mkuu wa kambi apigiwe simu siku mbili kabla. Jioni baada ya alasiri hufaa kuliko asubuhi. Kwa wachumaji wa karafuu inafaa kwenda mapema asubuhi kabla hawajaingia mashambani, au usiku wanapochambua.

Kampeni za nyumba kwa nyumba hazitoshi?

Zinasaidia sana. Baada ya Malawi kutangaza mgonjwa wa polio ya porini mnamo Februari 2022, Tanzania ilifanya kampeni za matone mwaka huohuo, na watoto wengi ambao hawakuwa katika orodha yoyote walifikiwa. Kampeni za surua na rubella za 2014, 2019 na 2024 nazo ziliziba mapengo. Udhaifu wake ni kwamba dozi ya kampeni mara nyingi haiandikwi kwenye kadi ya mtoto. Wino wa kidoleni hufutika, na baada ya muda mfupi hakuna anayejua nani alipata. Vilevile, kampeni ya polio haimpi mtoto Penta wala PCV.

Watu wazima je?

Mjamzito achanjwe pepopunda popote anapohudhuria, na dozi zihesabiwe kwa maisha yake yote: dozi 5 zilizopangwa vizuri zinamtosha kwa umri wake wote wa kuzaa. Anayehama bila kadi huanzishwa upya kila ujauzito, jambo ambalo kadi moja iliyotunzwa ingeliepusha.

Kipindupindu kinastahili kutajwa kwa sababu Zanzibar ina uzoefu wake. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ya dozi mbili ilitolewa katika shehia zilizokuwa hatarini Unguja na Pemba, na takriban nusu ya waliolengwa walipata dozi zote mbili. Kinga kwa waliokamilisha ilikadiriwa kuwa asilimia 79. Kwa maoni yetu, mpango wowote wa dozi mbili visiwani unapaswa kuamua tangu mwanzo dozi ya pili ya mvuvi aliyehama itapatikana wapi.

Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kongo, hutakiwa kuwa na cheti chake. Tangu Julai 2016 cheti hicho hakina mwisho wa muda, kwa hiyo mwenye cheti cha zamani asilazimishwe kuchanja tena.

Wasichana wasiosoma shule wanapataje chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi?

Tanzania ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Dozi kuwa moja ni nafuu kubwa kwa wanaohama. Kwa kuwa chanjo hii hupelekwa zaidi mashuleni, msichana aliyefuatana na wazazi dago, au anayefanya kazi za ndani mjini, aulizwe kila anapofika kituoni kwa sababu yoyote, hata akiwa amemleta mdogo wake.

Kituo chenye wahudumu wawili kianze na lipi?

Kianze na rejista. Mbele ya jina la kila mtoto iongezwe safu mbili kwa kalamu na rula: ametoka wapi, na anatarajia kwenda wapi baada ya msimu. Mwisho wa mwezi, wanaoishi hapo na wanaopita wahesabiwe mbalimbali, na orodha ya waliohama isomwe kwa simu kwa kituo cha upande wa pili, jina kwa jina, pamoja na dozi inayofuata na tarehe yake.

Mzazi anayejua kwamba atahama afanye nini?

Apite kituoni kabla ya kupakia vyombo, hata kama si siku ya kliniki, na aseme anakwenda wapi na lini. Ikiwa zimetimia wiki 4 tangu dozi iliyopita, mtoto huweza kupewa inayofuata palepale. Aandikiwe tarehe za mbele kwenye kadi kwa herufi zinazosomeka, na apewe jina la kituo kilicho karibu na diko atakaloshukia.